Karatasi nene kwenye printa ya picha: maswali yenu kutoka Nyanda za Juu

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu karatasi za pamba, zile za gramu 300 na kuendelea kwa mita ya mraba. Tunaanza na tatizo linalopoteza karatasi nyingi kuliko mengine.

Naprinti picha za Ziwa Ngozi kwenye karatasi ya pamba ya gramu 308, saizi ya A3+. Tangu mvua zianze, kila karatasi inatoka na madoa meusi yaliyoburuzwa kwenye kona. Fundi anasema hedi (kichwa cha printa kinachotema wino) imekufa. Ni kweli? (Tukuyu)

Usinunue hedi bado. Hedi iliyoziba huacha mistari mitupu kwenye picha nzima, haichafui kona tu. Hapo hedi inagusa karatasi. Pamba hunyonya unyevu wa hewa, na pembeni hunyonya kabla ya katikati. Pembeni pakitanuka huku katikati pakiwa pakavu, karatasi hufanya mawimbi na kona huinuka. Nafasi kati ya hedi na karatasi ni ndogo mno, hivyo kona iliyoinuka inapigwa tu.

Pima kabla ya kuingiza. Laza karatasi juu ya kioo, inama hadi macho yawe usawa wa kioo, kisha jaribu kupenyeza kadi ya benki chini ya kila kona. Kadi ina unene wa milimita 0.76. Ikikwama, endelea na kazi. Ikipita moja, nyoosha kwanza. Zikipita mbili zilizopandana, karatasi hiyo isikaribie printa leo.

Kona zilizojikunja kuelekea upande wa picha hunyooshwa kwa bomba la PVC la inchi 4: zungushia karatasi safi, kisha viringisha karatasi yako juu yake, upande wa picha ukiwa nje, ushikilie kama nusu dakika. Usiibane hadi ifanye mkunjo. Mawimbi hayanyooki kwa bomba. Yanataka usiku mzima kati ya mbao mbili safi zilizo bapa, na vitabu vizito juu. Pasi iache kabatini: hukausha upande mmoja na kuongeza mkunjo, na inaweza kuacha alama kwenye koti linaloshika wino.

Kisha iambie printa ukweli. Karatasi ya aina hiyo ina unene wa karibu nusu milimita, na ukichagua "karatasi ya kawaida" mashine itaweka hedi chini kana kwamba inachapa barua. Chagua karatasi ya sanaa isiyong'aa. Kona zikiendelea kuguswa, inua hedi ngazi moja: kwenye Epson ni mpangilio wa nafasi ya hedi, kwenye Canon ni ule wa kuzuia karatasi isikwaruzwe. Usiruke ngazi mbili kwa mkupuo, kwa sababu matone yakisafiri mbali hayatui palepale, na mistari myembamba hupoteza ukali.

Kwa huko kwenu, kipima unyevu kidogo cha mezani kina faida kuliko katriji ya akiba. Lenga asilimia 40 hadi 60. Toa kwenye pakiti karatasi za kazi ya siku hiyo tu, zilizobaki zifunge. Pakiti mpya ilale chumba cha printa usiku mmoja kabla ya kufunguliwa.

Baada ya hedi kugusa karatasi, chapa jaribio la matundu ya wino na upitishe karatasi za kawaida hadi zitoke safi.

Rola inazunguka lakini haivuti karatasi. Ikivuta, inaenda mshazari na mashine inaitema. (Iringa, Gangilonga)

Kwanza, mlango gani? Trei ya kupanga karatasi nyingi haikuwekwa kwa ajili ya kipande kigumu cha pamba. Canon PRO-1000 ina njia ya mkono kwa nyuma, karatasi moja moja, hadi milimita 0.7. Epson P700 na P900 zina njia iliyonyooka ya mbele inayopokea hadi milimita 1.5, lakini kumbuka karatasi hutokeza kwa nyuma wakati wa kazi. Printa iliyosukumwa hadi ukutani itagongesha karatasi, nawe utalaumu rola.

Ukiwa mlango sahihi, shusha karatasi hadi ikae, sogeza kizuizi cha pembeni kiguse bila kuibana, na rola zikianza kuvuta ipe msukumo mwepesi wa vidole viwili. Ikiendelea kwenda mshazari, pima pande mbili za karatasi kwa rula. Karatasi iliyokatwa kwa mkono ikipishana milimita 2 tu inatosha kukataliwa. Kata kwa wembe mpya na rula ya chuma. Rola zinazoteleza zifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholowa maji kidogo. Spiriti hukausha mpira.

Upande wa kuchapa ni upi? (Mafinga)

Lowesha kidole kidogo sana, gusa kona ya pande zote mbili. Upande unaonata ndio wenye koti. Mara nyingi ndio mweupe zaidi pia, lakini chini ya taa ya njano macho hudanganya.

Programu inakataa kuchapa hadi ukingoni, inaacha weupe mpana juu na chini. (Makambako)

Imefanywa makusudi. Mwanzo na mwisho wa karatasi hushikwa na rola za upande mmoja tu, na karatasi nene hapo huinuka. Canon nyingi huacha milimita 25 hadi 35 kutegemea modeli. A3+ ina urefu wa milimita 483. Ukitoa 25 kila upande unabaki na 433, na picha ya A3 yenye 420 inaingia. Ukitaka picha iliyojaa, chapa kwenye karatasi kubwa ukate. Kudanganya mashine kwa kutaja aina nyingine ya karatasi kunakurudisha kwenye tatizo la Tukuyu.

Vidoti vyeupe kwenye sehemu nyeusi za picha. (Njombe)

Ni nyuzi za pamba au vumbi. Wino hutua juu ya unyuzi, kesho unadondoka na kuacha tundu jeupe. Inamisha karatasi, ipige mswaki kuelekea chini kwa brashi mpya laini ya inchi 3, mbali na printa, bila kusahau kingo zilizokatwa. Usipulize kwa mdomo. Tone la mate huacha doa lisilofutika.

Umeme umekatika karatasi ikiwa katikati. Niivute? (Mbeya, Soweto)

Hapana. Umeme ukirudi, washa printa na uiache iitoe yenyewe. Hatari kubwa ni hedi, kwa kuwa imebaki nje ya kifuniko chake na wino unakauka. Printa hizi zinapochapa hutumia chini ya wati 50, hivyo hata UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 650 inatosha kumalizia karatasi iliyoanza. Na jioni, zima printa kwa kitufe chake, usubiri ikae kimya, ndipo uguse swichi ya ukutani.