Matufaha ya chekechea yasigeuke rangi

SWALI: Nafundisha watoto wa miaka 4 hapa Kabale. Nikikata matufaha asubuhi ili wayapake siagi ya karanga, kufika saa nne yana rangi ya kahawia na hawayataki. Nifanyeje?

JIBU: Pole, mwalimu. Hayajaoza, ni hewa tu. Changanya kijiko 1 kikubwa cha maji ya limau na kikombe 1 cha maji, loweka vipande dakika 3, kisha vifute vikauke. Usiruke kufuta: siagi ya karanga haishiki penye majimaji, huteleza yote vidoleni.

Kukata ni kazi yako. Kata vipande vyembamba vya duara, milimita 3, utoe mbegu. Kipande kinene kigumu humkaba mtoto. Watoto wapake siagi kwa mgongo wa kijiko, wale wakiwa wamekaa. Ila waulize wazazi kwanza kuhusu mzio wa karanga.