Kaka anakataa mama apewe morfini

Pole sana, dada yangu. Unamuuguza mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi huko Tanga, kaka yenu anatuma pesa na lawama kutoka Dar es Salaam, anakataza morfini, dawa kali ya maumivu, akisema itamuua, na mdogo wenu hapokei simu.

Tuanze na morfini, maana mama anaumia leo. Ile ya maji, ikitolewa kwa kipimo cha daktari, hutuliza maumivu. Haitolewi ili kuharakisha kifo. Siku za mwanzo huleta usingizi, na choo huwa kigumu, kwa hiyo omba pia dawa ya kulainisha choo. Usibishane na kaka. Muombe muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia maumivu wagonjwa kama mama, ampigie mwenyewe, na kaka amuulize yote anayoyahofia. Mtu aliye mbali haoni mama anavyohangaika usiku.

Na mama ameulizwa? Kama bado anazungumza, neno lake ndilo litangulie.

Halafu kaka aje alale hapo. Kumwogesha mama hawezi, najua, lakini kumnywesha uji, kufuata dawa hospitali na kukesha anaweza, nawe ulale. Lawama zako ni za haki, ila ziweke kwanza. Habari za nyumba na shamba zisitajwe kitandani kwa mama, mjomba azisimamie.

Mdogo wenu usimgombeze. Wengine hukimbia kwa woga. Mrekodi mama akimwita jina lake, umtumie sauti hiyo leo.