Mke kumpenda mumewe siyo kuanguka

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeandika riwaya ya mapenzi ya Kikristo. Hadithi yake ni ya mwanamke aliyefiwa na mume, ana watoto wawili, anakubali kuolewa na mwanaume ambaye naye amefiwa na mke, hawapendani, hata hawajuani vizuri, ila huyu anatafuta pa kulelea wanae na yule anatafuta mama wa kichanga chake, basi wanafunga ndoa kanisani kwa makubaliano kwamba kila mtu atalala chumba chake, halafu kadiri kurasa zinavyokwenda Mungu anawalainisha mioyo mpaka wanapendana kwelikweli. Anauliza ndoa ya namna hiyo inaitwaje kwa Kiswahili, yeye ameandika "ndoa ya urahisi", je ni sawa? Akaambatanisha na aya moja ya mswada wake nione neno linavyokaa.

Dada, jibu lako fupi tu. Urahisi ni wepesi wa jambo au unafuu wa bei, kwa hiyo msomaji akikutana na "ndoa ya urahisi" ataelewa ni ndoa isiyo na gharama au isiyo na shida, na hao wahusika wako wana shida toka ukurasa wa kwanza. Wengi wanasema "ndoa ya maslahi" (kamusi zinaandika pia masilahi, neno la Kiarabu) na linafaa kabisa pale mtu anapooa mali, cheo au makaratasi ya uraia. Ila maslahi lina harufu ya ujanja, na huyo mama wa kwako hajafuata mali, amefuata hifadhi. Hapo lugha yetu ina neno zuri sana, kusitiriana. Wameoana kusitiriana. Ukitaka jina la ndoa yenyewe sema ndoa ya stara, asili ni Kiarabu pia, kufunika, na mtu mzima yeyote akisikia anajua ni watu wawili wamefunikana aibu na upweke. Usije ukaandika ndoa ya mkeka, hiyo ni ya chapuchapu na mara nyingi watu wamefumaniwa, wala ndoa ya kupangwa, manake huko wanaopanga ni wazazi. Basi, limeisha.

Sasa tuje kwenye aya yako. Kuna sentensi humo imenikaba koo: "Usiku ule, alipomwona akimwombea mtoto, alianguka katika mapenzi na mume wake."

Alianguka! Jamani. Hii kitu, "fall in love" ya Kiingereza iliyobebwa neno kwa neno, nimeipigia kelele sana na inazidi kuota, iko kwenye tamthilia zilizotafsiriwa, iko kwenye meseji za vijana, iko kwenye riwaya za watu wenye vipaji kama wewe, na kila nikikutana nayo nauliza hivi nani aliwaambia Waswahili wanaanguka wakipenda? Hebu tuangalie kwetu mtu anaanguka nini. Anaanguka kifafa. Anaanguka mtihani. Anaanguka bafuni na watu wanakimbizana kumpeleka hospitali. Serikali inaanguka, biashara inaanguka, bei ya mazao inaanguka na mkulima analia. Sijaona neno hili likibeba habari njema mahali, hata kumwangukia mtu miguuni ni kwa sababu umekosa au una dhiki.

Na hapo sijafika kanisani, ambako ndiko riwaya yako inakaa. Kwa Mkristo anayesoma Kiswahili kuanguka kuna maana moja inayotangulia zote, nayo ni dhambi. Ukisikia "yule mtumishi ameanguka" huulizi ameangukia wapi, unajua tayari, na tena unajua ni dhambi ya aina gani. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba anayejidhania kuwa amesimama na aangalie asianguke, mistari hiyo waumini wanaijua kwa moyo. Sasa wewe umechukua mke halali, wa ndoa iliyofungwa madhabahuni, amemtazama mume wake halali akiomba usiku, moyo umemfunguka, yaani ni dakika takatifu kuliko zote kwenye kitabu chako, halafu unaniambia alianguka. Msomaji wako wa kanisani atashtuka, atarudi nyuma kurasa mbili kutafuta huyu mama amefanya nini.

Halafu kuna hiyo "na". "Alianguka katika mapenzi na mume wake." Kwa sarufi ya Kiswahili ukisema Asha alianguka na mumewe maana yake wote wawili wako chini. Lakini kwenye hadithi yako mume bado hana habari, yuko anamwombea mtoto! Umemwangusha bila kosa. Ndo shida ya kubeba mfupa wa sentensi ya lugha nyingine na kuuvika nyama yetu, viungo havikai. Kiswahili kikitaka kusema nani kapendwa kinamweka ndani ya kitenzi chenyewe, a-ka-m-penda, hiyo "m" ndo mume, yumo katikati ya neno, huwezi kumpenda mtu kwa Kiswahili bila kumgusa. Kwenye "alianguka katika mapenzi" mume ametolewa nje akashikizwa mkiani na kihusishi.

Fungua Biblia ya Union Version, ile ya 1952, Mwanzo 24. Isaka na Rebeka, ingawa yao ilipangwa, walianza kama watu wako, bila mapenzi, hawakuwahi kuonana, mtumishi ndiye aliyetumwa kumleta bibi arusi, na mstari wa 67 unasema Isaka akamtwaa Rebeka, "akawa mkewe, akampenda". Kwanza mke, halafu upendo. Riwaya yako nzima imo kwenye maneno matatu na hakuna aliyeanguka. Yakobo naye akampenda Raheli, akatumika miaka saba kwa ajili yake. Hata Samsoni, ambaye kwa Delila kweli alianguka kwa kila maana ya neno, Waamuzi 16 inasema akampenda mwanamke katika bonde la Soreki. Watafsiri wale walikuwa na lugha za kigeni mezani pao tena si moja, na bado waliandika akampenda.

Najua utetezi, nishaletewa mara nyingi. Wanasema kuanguka kunaonyesha mtu hakupanga, limemtokea tu. Sawa, lakini maneno ya hilo tunayo, na mengine umeyasikia leo asubuhi. "Nimetokea kumpenda." Hapo hakuna kupanga, limetokea. "Akajikuta anampenda." "Akaja kumpenda." "Akamwingia moyoni." Kijana wa mtaani anasema amemzimikia, na mimi simkatazi. Wanakuja tena na la pili, mbona tunasema amezama penzini, kuzama si kwenda chini pia? Kuzama mtu anazama kwenye kitabu, anazama kwenye maombi, anazama kazini mpaka anasahau kula, ni kwenda ndani. Kuanguka ni kupoteza miguu. Tofauti hiyo anayo kila anayezungumza lugha hii hata kama hajawahi kuifikiria.

Kwenye nyimbo nimechoka kugombana. Msanii akisema ameangukia penzini ana mizani yake ya kutimiza, wimbo unapita, tunaendelea. Riwaya hapana, mtu anakaa nayo siku nzima, na hii ya kwako inahusu jambo ambalo neno moja vibaya linaligeuza kichwa chini miguu juu.

Tena wewe una bahati kubwa kuliko waandishi wengi wa mapenzi, kwa sababu watu wako wanapendana polepole, na kwa polepole Kiswahili ni tajiri mno. Mwanzoni anamvumilia. Halafu anamzoea, na kuzoea kwetu si jambo dogo, ndoa nyingi nzuri zimesimama hapo. Halafu anamwonea huruma siku anaumwa. Anamstahi. Siku moja mume amechelewa kurudi naye anashangaa kwamba masikio yako mlangoni, hapo ameshaanza kumpenda na hata usiseme. Ukifika usiku wa maombi andika tu: "Alipomwona akimwombea mtoto, akampenda." Ukiona ni kavu, "akajua kwamba amekuja kumpenda". Na mwisho wa kitabu, mume naye akishafika, unayo "wakapendana", ile -na- ya kutendana uliyojaribu kuiweka mapema itakuwa imepata mahali pake.

Jingine nimeliona hapohapo, chunga neno mapenzi karibu na jina la Mungu. Umeandika "walijua mapenzi yao ni mapenzi ya Mungu". Mapenzi ya Mungu ni atakalo Mungu, kama tunavyosali mapenzi yako yatimizwe, na mapenzi yao ni huba, kwa hiyo neno moja limebeba mizigo miwili na msomaji anajikwaa. Sema "walijua kupendana kwao ni mapenzi ya Mungu". Upendo nao wengi kanisani wanauwekea ule wa kupenda jirani, kwa hiyo mke na mume wakiwa peke yao usiogope huba au mahaba, ni maneno safi kabisa.

Halafu mahali fulani umesema "walioa mwezi wa pili". Walioana, dada. Mume kaoa, mke kaolewa, wote pamoja wameoana.

Na huyo mume umemwita mjane. Kamusi zina mgane kwa mwanaume aliyefiwa na mke, mjane ni mwanamke. Wengi siku hizi wanaita wote mjane na sitakufutia, ila ukiwa na wawili kwenye nyumba moja kama hao wako, mgane atakusaidia msomaji ajue kila mara unamsema nani.