Pikapu Inayotetemeka Ukikanyaga Breki: Maswali na Majibu

Swali: Usukani wa pikapu yangu hutetemeka kila ninapopunguza mwendo kutoka kilomita 90 kwa saa, lakini nisipokanyaga breki gari limetulia kabisa. Fundi anasema diski za breki za mbele zimepinda. Je, ninunue mpya?

Jibu: Usinunue kwanza. Kwa kuwa gari hutulia usipokanyaga breki, balansi ya magurudumu si mshukiwa mkuu, na kwa kuwa kinachotikisika ni usukani, fundi wako hajakosea kutazama breki za mbele. Ninachotofautiana naye ni neno "kupinda". Mara nyingi diski haijapinda kama bati lililokanyagwa, bali unene wake haulingani mzunguko mzima. Tofauti ya takriban milimita 0.02, ambayo jicho haliwezi kuiona, inatosha kuirudisha nyuma pistoni ya kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) kila sehemu nene inapopita kati ya pedi, na msukumo huo ndio unaoufikia mguu na mikono yako.

La kujiuliza ni kwa nini unene umepotea upande mmoja. Diski ikifungwa juu ya habu (kitovu cha gurudumu) yenye kutu, au nati za tairi zikikazwa kwa nguvu zisizolingana, huzunguka huku ikiyumba kidogo, na pedi huigusa mahali palepale katika kila mzunguko hata dereva asipokanyaga breki, mpaka baada ya kilomita elfu kadhaa mahali hapo pameliwa kuliko kwingine. Hii ndiyo sababu wengine hubadilisha diski, wakafurahi kwa miezi michache, kisha mtetemo ukarudi: diski ilikuwa mpya, kutu ilikuwa ileile.

Mwombe fundi aikaze diski kwenye habu kwa nati zote, aweke geji ya saa (kipimo chenye mshale kinachoonyesha myumbo mdogo) karibu na ukingo wake, kisha aizungushe polepole. Watengenezaji wengi huruhusu myumbo usiozidi kati ya milimita 0.05 na 0.1, ingawa kipimo cha kufuata ni kile cha kitabu cha gari lako. Baada ya hapo apime unene kwa maikromita (kifaa cha kupima unene mdogo sana) katika sehemu nane hivi kuizunguka diski. Myumbo ukizidi, avue diski, asugue habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane, airudishe na kupima tena kabla ya kuilaumu diski yenyewe.

Swali: Kwangu usukani hautikisiki, ila kiti na bodi nzima hutetemeka nikifunga breki. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia nyuma. Pikapu nyingi zina dramu (breki za ngoma badala ya diski) nyuma, nazo hupoteza umbo la duara, hasa zinapopata joto kali gari likiwa limebeba mzigo mzito. Ikiwa breki yako ya mkono ni ya waya na inashika dramu hizohizo za nyuma, tafuta mahali pa wazi pasipo na watu wala magari, endesha kwa kilomita 30 hivi kwa saa, kisha ivute taratibu huku kitufe chake ukikibonyeza ili uweze kuiachia mara moja. Mtetemo ukijitokeza, dramu zimejieleza. Usijaribu jambo hili barabarani wala kwenye utelezi, kwa maana magurudumu ya nyuma yakijifunga gari huweza kugeuka. Fundi akiwa chini ya gari, akague pia yu-bolti zinazoshika springi kwenye ekseli, kwani zikilegea ekseli husogea breki inaposhika.

Swali: Je, diski au dramu inaweza kukerezwa (kuchongwa kwa mashine ili uso uwe sawa) badala ya kubadilishwa?

Jibu: Inaweza, endapo chuma kitakachobaki kinatosha. Diski huandikwa unene wa chini unaoruhusiwa, na dramu huandikwa kipenyo cha juu kabisa. Kipimo kinachohesabika ni cha baada ya kukereza, si cha kabla, na hapa sioni nafasi ya kubembelezana: diski iliyopungua chini ya alama hupata joto haraka na inaweza kupasuka. Kereza au badilisha zote mbili za ekseli moja, la sivyo gari litavuta upande.

Swali: Nimeweka diski na pedi mpya, habu ikasafishwa na kupimwa, lakini mtetemo upo, na gurudumu moja huwa la moto kuliko jenzake. Kuna nini?

Jibu: Gurudumu la moto linaonyesha kalipa isiyoachia. Pini zake za kuteleza zikikauka au kushika kutu, pedi hubaki zimeibana diski safari nzima; zivuliwe, zisafishwe na kupakwa grisi ya breki inayostahimili joto, na pistoni ikaguliwe kama inarudi bila shida. Kisha jeki gari, liegemeze kwenye stendi imara, na ulitikise gurudumu kwa kulishika juu na chini, halafu kushoto na kulia. Ulegevu wa beringi au wa viungo vya gurudumu na usukani, yaani boljointi, tairodi au bushi, hukuza mtetemo mdogo sana ukawa mkubwa, na hakuna diski itakayouficha.

Swali: Pedeli hudunda nikifunga breki ghafla kwenye matope. Ni ugonjwa huohuo?

Jibu: Hapana, huo ni mfumo wa ABS, unaozuia magurudumu kujifunga, ukifanya kazi yake, endelea kukanyaga kwa nguvu. Pedeli ikidunda katika lami kavu gari likikaribia kusimama, kagua sensa za magurudumu.

Swali: Nati za tairi zikazwe vipi ili tatizo lisirudi?

Jibu: Kwa mtindo wa nyota, kwa awamu mbili au tatu, ukimalizia na spana ya kupimia nguvu kwa kipimo cha kitabu cha gari, na si kwa mashine ya upepo peke yake. Zipime tena baada ya kilomita 50 hadi 100.