Tuliandika 143: jibu la mzee wa kanisa kuhusu kura, vyombo vya habari na misheni

Ndugu uliyeuliza, swali lako lilikuwa na vipande vitatu. Kwa nini walokole wa Kenya tunapiga kura kwa kuangalia mimba na ndoa tu. Kwa nini kila tukikosolewa tunalia kwamba vyombo vya habari vinatuonea. Na kama safari zetu za misheni kule kaskazini si utalii wa kupiga picha na watoto wa watu. Nimekaa na maswali hayo siku mbili. Mimi ni mzee wa kanisa la kiinjili hapa Nairobi, nina miaka hamsini na minane, na kwa maelezo yako ni mimi hasa uliyekuwa ukimsema. Najibu kwa niliyoyaona. Siwasemei Wakristo wote.

Nianze na kura. Tarehe 4 Agosti 2010, kwenye kura ya maoni ya katiba, nilipiga La, upande wa nyekundu. Sababu yangu ilikuwa kifungu cha 26. Kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, na maneno hayo niliyashukuru. Halafu ukishuka chini kidogo, kinaruhusu mimba kutolewa ikiwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya, uhai au afya ya mama imo hatarini. Sijapata kukutana na Mkristo anayetaka mama aachwe afe. Neno lililotushtua ni "afya", kwa sababu halikuwekewa mpaka. Nilisema hivyo wakati ule na sijabadilika. Mtoto aliye tumboni ni jirani yangu, na kura yangu inaanzia kwake. Tulikuwa zaidi ya milioni 2.7 tuliopiga La, wenzetu wa Ndiyo wakawa zaidi ya milioni 6, wakatushinda, tukakubali.

Lakini kura haiishii hapo, na hapa nakubaliana nawe kwa sehemu. Aliyekuwa mstari wa mbele wa La mwaka ule ni William Ruto, akiwa waziri wa elimu ya juu. Mwaka 2022, alipogombea urais, wengi wetu tulimpigia debe makanisani, mimi nikiwa mmoja wao. Sijutii kuchagua mtu kwa imani anayoikiri. Najutia Juni 2024, vijana walipopigwa risasi barabarani kwa kuupinga mswada wa fedha, na kanisa letu likachukua majuma mawili kutafuta maneno. Tungekuwa tumeyapata maneno hayo siku hiyo hiyo kama aliyekuwa madarakani ni yule tusiyempenda.

Kwangu mimi uhafidhina unaanzia kwenye Amri Kumi, na ile ninayoiona ikivunjwa kila wiki, na watu wote, pamoja na sisi, ni ya tisa (Wakatoliki na Walutheri huihesabu ya nane): usimshuhudie jirani yako uongo. Ndiyo nitakayoitumia kujibu yaliyobaki.

Jumapili ya 13 Juni 2010 nilikuwa Uhuru Park kwenye maombi na kampeni ya La, mabomu yalipolipuka katikati ya watu. Baadhi yetu hawakurudi nyumbani. Wiki iliyofuata mwandishi wa runinga moja alinihoji langoni mwa kanisa, dakika ishirini nzima. Nilimwambia tutaiheshimu sheria hata tukishindwa, kwamba tunataka neno "afya" lifafanuliwe, na kwamba kanisani kwetu kuna akina mama waliowahi kutoa mimba na tunaketi nao meza moja ya Bwana. Usiku wake zilitoka sekunde kumi na moja: mimi nikiwa nimeinua kidole, nikisema "hatutakubali". Mke wangu ndiye aliyezihesabu. Mama yangu akapiga simu kutoka Makueni: "Mwanangu, kwani mnataka vita?"

Nikisema vyombo vya habari vina upendeleo, namaanisha kitu cha namna hiyo. Hakuna aliyedanganya. Maneno yalikuwa yangu na kidole kilikuwa changu. Mwandishi mwenyewe alinipigia baadaye kuniomba radhi. Alikuwa amepeleka mahojiano yote, wakamkatia ofisini. Mtu aliyekata alikuwa tayari na picha ya Mkristo anayepinga katiba, akatafuta kipande kinachofanana nayo. Na huwa namuuliza Mungu ni mara ngapi nimemfanyia mtu mwingine vivyo hivyo.

Hata hivyo sikubaliani na ndugu zangu wanaosema habari zote ni vita dhidi ya kanisa. Serikali ilipozima runinga tatu kubwa tarehe 30 Januari 2018, siku Raila Odinga alipojiapisha kuwa "rais wa wananchi", nilikasirika, ingawa kiapo chenyewe sikukiunga mkono hata kidogo. Na upendeleo mkubwa zaidi nchini humu ni wa matangazo: gazeti linalongoja tangazo la serikali ili lilipe mishahara litaogopa serikali kuliko litakavyoogopa maaskofu wote. Aprili 2023, makaburi ya Shakahola yalipoanza kufukuliwa, mmoja wetu kwenye kikao cha wazee alisema waandishi wanachafua jina la Kristo. Nilisimama nikampinga. Zaidi ya watu 400, watoto wakiwemo, walikufa chini ya mtu aliyejiita mchungaji. Waandishi waliokesha kwenye kichaka kile waliwashuhudia marehemu ukweli, kazi ambayo sisi makanisa hatukuifanya walipokuwa hai.

Kuhusu wanasiasa madhabahuni sitasema mengi. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima mimbari za Kianglikana Septemba 2021, pale Butere. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo alikataa mchango wa Rais kwa kanisa moja la Kayole na kuagiza pesa zirudishwe. Nawaheshimu wote wawili. Kwetu, mheshimiwa mmoja alikuja na shilingi 300,000 za paa, tukampa kipaza sauti na kumtambulisha kuwa mtu wa Mungu, huku kamati nzima ikijua kesi za mashamba zinazomwandama. Tulipiga kura, saba kwa wanne. Nilikuwa kati ya wale wanne. Mabati yako pale, na kila mvua ikinyesha nasikia utambulisho ule.

Sasa misheni, na hapa nitachukua nafasi zaidi.

Mara ya kwanza kufika Marsabit ilikuwa Agosti 2006. Kutoka Isiolo lami ilikuwa imekwisha, ni mawe na vumbi kutwa nzima. Miezi minne kabla, tarehe 10 Aprili, ndege ya jeshi ilianguka pale na watu 14 wakafa. Walikuwa wakienda kuwapatanisha Wagabra na Waborana baada ya mauaji ya Turbi ya Julai 2005. Ndani walikuwamo wabunge, akiwemo Bonaya Godana wa North Horr, pamoja na Askofu William Waqo wa Kianglikana. Ukitaka kujua ni wapi ninapotamani siasa na injili zikutane, ni kwenye safari ya namna ile. Jamii hizo zilikuja kufanya mapatano yao Maikona mwaka 2009. Turbi niliiona kwenye runinga siku baada ya siku. Maikona niliisikia kwa mdomo wa dereva wa lori.

Tangu hapo nimerudi mara nyingi. Safari iliyonibadilisha ni ya mwishoni mwa Agosti 2022. Misimu minne ya mvua ilikuwa imekosekana mfululizo, na wa tano nao ungekosekana. Mizoga ya ngamia ilikuwa kando ya barabara, na ngamia akifa kwa ukame ujue wengine walishakwisha zamani. Tulikuwa ishirini na wawili, na unga, maharagwe na mafuta. Mahali karibu na Maikona tulihubiri kwanza, tukaita wanaompokea Kristo wainue mikono, kisha tukagawa chakula. Mimi nilikuwa katibu. Nilihesabu mikono 143, nikaandika.

Usiku mwinjilisti wetu, Mgabra wa rika langu, alikuja kuketi nami kwenye mkeka. Akasema taratibu, "Mzee, yule bibi aliyekaa mbele ameinua mkono mara nne tangu Januari. Kila kundi likija anainua. Hadanganyi. Anaona ni adabu kumwitikia mgeni aliyeleta chakula." Akanyamaza, kisha akaongeza, "Wanaokuja ninyi mkishaondoka ni wanne."

Kuna jambo jingine ambalo sikulisema kwa mtu hadi miezi ilipopita. Mchana ule mwenzetu alitaka kumpiga picha mtoto aliyekuwa kifua wazi. Mama yake akakimbia ndani kumtafutia shati. Mwenzetu akamwambia kwa ishara aache, yuko sawa hivyo hivyo. Mama akasimama mlangoni na shati mkononi. Niliona, nikanyamaza. Picha ile tuliionyesha ukutani kanisani na sadaka ya siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote za mwaka. Nilipoiona ukutani nilikumbuka sekunde zangu kumi na moja, nikashindwa kuimba.

Kwa hiyo ndugu, kuhusu picha una haki, na ninaungama.

Ripoti nikaiandika upya. Jumapili moja ya Oktoba niliisoma mbele ya kanisa: hatujui ni wangapi waliookoka, mwinjilisti anawaona wanne, na ile picha imeondolewa. Wazee wawili hawakunisalimia kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata michango ya misheni ilishuka karibu nusu. Tukakaa na mahesabu. Basi la kutubeba, mafuta na malazi ya wiki ile vilitugharimu shilingi 640,000. Mwinjilisti tulikuwa tukimlipa 8,000 kwa mwezi. Zile siku saba zetu zilikuwa miezi themanini yake.

Siku hizi tunakwenda wanne, kwa wiki tatu. Yeye analipwa 20,000. Chakula, kukiwa na njaa, kinapitia kamati ya wazee wa kijiji, Muislamu na asiye Muislamu, na siku hiyo hatuhubiri.

Ila kuhubiri hatujaacha, na hutanishawishi kwamba ni ukoloni. Wagabra walimwomba Waqa, yaani Mungu wao, mvua kabla mmisionari Krapf hajashuka Mombasa mwaka 1844. Si watu watupu wanaongoja kujazwa, na wanajua kubishana. Mzee mmoja aliniuliza, "Wewe Mkamba, hii habari nani aliwaletea?" Nikamweleza Peter Cameron Scott, aliyefungua misheni kwetu Nzaui mwaka 1895, akafa mwaka uliofuata. "Alifia kwenu?" Nikasema ndiyo. Akafikiri sana. "Huyo ningemsikiliza," akasema. "Ninyi mnaondoka Jumamosi."

Mwinjilisti wetu haondoki Jumamosi. Ndiye anayebishana na mzee huyo mpaka leo.

Agosti tunarudi. Tumepata watu watatu, nafasi ya nne iko wazi, na nimewaomba wazee wenzangu waniruhusu nikuulize wewe. Nauli ni juu yetu. Simu utaibeba, ila mtoto hapigwi picha bila ruhusa ya mama yake, na akitaka kwanza kumvisha, tunasubiri. Na kwa kuwa mimi sitakuwa katibu tena, ningependa daftari la ripoti ulishike wewe.