Mwanangu ananiziba mdomo nikisema Kihispania

Shangazi, shikamoo. Naishi Zaragoza, Hispania, huu mwaka wa pili, na mume wangu na mtoto wetu wa kiume wa miaka 4. Mume alitangulia kikazi, Kihispania anakijua vizuri. Mimi nashinda nyumbani. Mtoto ameanza shule na lugha imemkolea. Nikimwuliza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kihispania. Wiki iliyopita nilimsalimia mwalimu wake mlangoni, nikakosea maneno, mtoto akaruka akaniziba mdomo kwa kiganja: “No hables, mamá.” Usiongee, mama. Nililia njia nzima. Hata kwa daktari yeye ndiye mkalimani wangu. Mume anasema tuache Kiswahili nyumbani, ili mimi nijifunze haraka na mtoto asichanganyikiwe. Nifanye nini?
Mama wa Zaragoza

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kile kiganja kimenikaa moyoni. Ngoja tuanzie hapo. Mimi sioni dharau. Mtoto wa umri huo anamjua mama mmoja tu: anayeimba, anayegomba, anayecheka kwa sauti. Pale mlangoni akasikia sauti nyembamba, maneno yanakatika njiani. Ameshtuka, akafanya alichoweza kwa mikono yake midogo. Siku akirudia, kishike kile kiganja, kibusu, mwambie kwa Kiswahili, “Mama anajifunza, kama ulivyojifunza wewe.” Halafu mgeukie mwalimu umalizie salamu yako. Hata kama ni “buenos días” peke yake, imalizie. Akikuona unakosea kisha unaendelea, naye atajua kwamba kukosea hakuui.

Kwa mume wako ndipo tunapoachana njia. Najua anakutakia mema, lakini ushauri wake utawagharimu. Hofu ya kuchanganyikiwa iache kabisa. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tulikua na lugha moja jikoni kwa bibi, nyingine barabarani, ya tatu darasani, na kila moja tuliijua mahali pake. Mtoto akitia maneno ya lugha mbili kwenye sentensi moja, amechukua neno lililokuwa karibu, basi.

Kihispania hatakikosa. Anakipata kwa mwalimu, kwa wenzake, kwenye katuni, kwenye bembea. Kiswahili anakipata kwenye vinywa viwili tu, chako na cha baba yake. Mkinyamaza ninyi, kitatoka wapi? Na wewe, leo ukisema naye Kihispania tupu, utabaki na maneno gani? Ven. Come. Calla. Siéntate. Njoo, kula, nyamaza, kaa. Utakuwa mama wa amri. Usiku akiamka analia, akakuambia ameota kitu cha kutisha, unahitaji lugha unayoweza kumbembelezea bila kutafuta neno. Hiyo lugha unayo. Usiitoe nje ya nyumba.

Akikujibu kwa Kihispania, usimlazimishe aseme upya. Akisema “quiero agua”, wewe jibu, “Unataka maji? Haya, twende tukayachukue.” Amesikika, na Kiswahili kimepita masikioni mwake. Baba yake akiwa nyumbani, naye aseme naye Kiswahili.

Sasa Kihispania chako, kwa sababu lazima ujifunze, na hapo mume wako ana haki. Ila kitafutiwe saa yake. Mtoto akishalala, kaeni dakika 20 mezani, mume wako awe mwalimu au karani wa manispaa, wewe uwe wewe. Mrudie mazungumzo yale yale ya mlangoni hadi ulimi uzoee. Hiyo ndiyo kazi yake katika jambo hili, na umwambie hivyo kwa upole.

Wala huanzi na mikono mitupu. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa kama zetu. Ile ñ ni ny ya nyoka: niño, soma ninyo. J ni kh ya kheri. Na huko Hispania, katika sehemu kubwa ya nchi, z ni th ya thelathini; wenyeji wa mji wako huuita Tharagotha, sivyo? Meza ni mesa, bendera ni bandera, kwa kuwa sisi maneno hayo tuliyapata kwa Wareno, ndugu zao wa lugha. Sukari ni azúcar. Hata ile “hasta”, yaani hadi, unayoisikia kila siku, asili yake ni Kiarabu, neno lile lile lililotupa sisi “hata”. Kiarabu kiliishi hapo mjini kwako kwa karne nyingi. Kasri la Aljafería lilijengwa na watawala Waislamu katika karne ya 11. Mpeleke mtoto akalione.

Kuna jambo linalowatoa jasho wageni wengi: ser na estar, vitenzi viwili ambavyo vyote maana yake ni “kuwa”. Wewe una ufunguo wake. Mahali ungesema “ni”, mara nyingi tumia ser: soy su madre, mimi ni mama yake. Mahali ungesema “yuko”, au ungetia -me- ya hali, mara nyingi ni estar: está en casa, yuko nyumbani, está cansado, amechoka, está dormido, amelala. Haitakutoa kila mara, lakini itakuvusha pengi. Nafsi nayo sisi tunaiweka kichwani mwa kitenzi, naongea, unaongea, anaongea. Wao wanaiweka mkiani, hablo, hablas, habla. Na kama sisi, hawana haja ya kutaja “mimi” kila sentensi.

Kwa daktari, mwanangu, hapo nitakuwa mkali kidogo. Mtoto wa miaka 4 asiwe mkalimani wa ugonjwa, wake wala wako. Hajui uzito wa anachokibeba, na daktari anaweza kupata habari nusu. Kabla ya kutoka nyumbani andika kwenye karatasi mistari mitatu: tiene fiebre desde ayer, ana homa tangu jana, le duele el oído, sikio linamuuma, na jina la dawa uliyompa, kiasi na saa. Msomee daktari, au mpe asome mwenyewe. Ukipotea, una sentensi mbili za kukuokoa: “Más despacio, por favor”, polepole tafadhali, na “¿Me lo puede escribir?”, unaweza kuniandikia? Kama jambo ni zito, aende baba, au mtu mzima mwingine unayemwamini.

Toka nje pia, maana lugha haiji kwa kukaa na simu sebuleni. Hispania ina shule za lugha za serikali, Escuela Oficial de Idiomas, na nyingi zina madarasa ya Kihispania kwa wageni. Zipo shule za watu wazima, na katika miji mingi Cruz Roja, yaani Msalaba Mwekundu, na Cáritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, hufundisha pia. Uliza manispaa na maktaba. Saa ambazo mtoto yuko shuleni ndizo zako. Wala usijipime kwa kasi ya mtoto. Hata anayeomba uraia wa huko, ambao kwa kawaida huja baada ya miaka 10 ya kuishi kihalali, anatakiwa athibitishe kiwango cha A2 tu, yaani lugha ya mambo ya kila siku. Wewe una mwaka wa pili.

Mama wenzako wa mlangoni usiwatafute wote kwa mpigo. Kundi likiongea kwa kasi hata mjuzi huachwa nyuma. Mchague mmoja, yule mwenye uso wa utulivu. Jioni watoto wakila merienda, kile kitafunio cha jioni, bustanini, kaa naye benchi moja, muulize mtoto wake ana umri gani, analala saa ngapi. Maswali ya watoto hujirudia, na kila yakijirudia unayashika zaidi. Wazazi wa darasa wakiwa na kundi la WhatsApp, ingia. Maandishi hayakimbii, utasoma kwa mwendo wako.

Mwisho, omba tutoría, kile kikao cha mzazi na mwalimu. Una haki ya kukiomba. Mweleze kwamba nyumbani mnaongea Kiswahili na mtaendelea nacho. Kisha muulize kama siku moja unaweza kuingia darasani kuwasimulia watoto hadithi fupi ya sungura na fisi, kwa Kiswahili, kwa ile sauti yako ya nyumbani, na mwanao amekaa karibu yako akiwaeleza wenzake mama amesema nini. Siku hiyo mwache atafsiri anavyotaka.

Shangazi yako