Mjomba wa mke wangu hataki kunilipa geti

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Busia, upande wa Uganda. Mjomba wa mke wangu alikuwa anajenga nyumba za kupangisha, akanipa kazi ya geti na madirisha sita kwa shilingi 1,850,000. Alitoa kianzio cha 600,000, vyuma vingine nikakopa dukani. Nilimaliza Februari. Tangu hapo ni "mkwe, shule zimefunguliwa", "mkwe, tuna msiba", na wapangaji wameshaingia. Juzi nilimdai mbele ya watu, akacheka: "Wewe mwenyewe bado tunakudai mbuzi wawili wa mahari!" Mwenye duka ananitafuta. Mke wangu anasema nikimshtaki nitamwaibisha kwao. Nafikiria kwenda usiku na grenda nikate bawaba, nirudi na geti langu. Nishauri. — Fundi, Busia*

Marahaba, mwanangu. Grenda iache karakana. Geti lililokwisha kufungwa kwenye nguzo zake ni sehemu ya nyumba yake, hata kama hajamaliza kulipa. Ukilikata usiku, asubuhi wewe ndiye utakayetafutwa, na deni lako halitazungumzwa tena na mtu. Wakati wa kulishikilia ulikuwa pale karakanani, kabla halijapakiwa kwenye pikapu. Wala asikudanganye mtu utoe kitu kidogo mjomba alazwe ndani usiku mmoja. Deni ni madai, si jinai, na hicho kitu kidogo hakitarudi.

Sasa hao mbuzi. Nilicheka, kisha nikakasirika. Mbuzi wa mahari si wake. Ni wa wazazi wa mkeo. Yeye siku ile alikaa mkekani kama msemaji tu. Tangu lini msemaji akalipa madeni yake kwa mali ya waliomtuma? Lakini mzee ni mjanja, amekugusa panapouma, tena mbele za watu, maana anajua mkwe anayedaiwa hapandishi sauti. Basi mnyang'anye neno hilo. Tafuta mbuzi, hata mmoja kwanza, umpeleke kwa wakwe zako wenyewe, mkeo akiwepo. Najua utasema, "Shangazi, hela ya mbuzi ndiyo hiyo ninayodai." Kopa kwa rafiki, uza mlango ulioutengeneza bila oda, utajua mwenyewe. Siku mbuzi huyo atakapoingia boma lile, mjomba atabaki na geti lake bila mzaha wa kulifunika.

Mkeo simlaumu. Wewe utarudi karakana, yeye ndiye atakayekaa nao jikoni msibani. Ila mwonyeshe daftari la duka la vyuma, kurasa zote. Huenda anajua tu kwamba mjomba anadaiwa, hajui kwamba unga wa nyumbani umeshaliwa na deni hilo. Kisha mwombe amtume shangazi yake, ssenga kama wasemavyo Waganda, azungumze na mzee kabla yako. Huyo ni wa upande wa baba, mjomba ni wa upande wa mama. Hana sababu ya kumnyenyekea.

Mzee asipoelewa, mwandikie. Barua fupi: kazi gani, bei gani, alilipa kiasi gani, baki ni 1,250,000, na unampa siku 14. Baki na nakala. Sheria ya mikataba ya 2010 inataka makubaliano yanayozidi shilingi 500,000 yawe ya maandishi, na hapo mafundi wengi hukata tamaa kwa sababu walipatana kwa mdomo. Lakini ujumbe wa simu nao ni maandishi. Kama aliwahi kukuandikia bei, au "mkwe nitakumalizia mwisho wa mwezi", usifute chochote, na kumbukumbu ya kianzio kama kilipita kwenye simu itunze pia.

Siku 14 zikipita, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, pale anapoishi au ilipofanyika kazi. Baraza lao husikiliza madai ya deni yasiyozidi shilingi 2,000,000, kwa hiyo lako linaingia. Mkeo mwambie hivi: LC1 wanaweza kuamuru malipo, na pia wanaweza kuamuru watu wapatane na kuombana radhi. Kuna na utaratibu wa madai madogo kwa hakimu, hadi shilingi 10,000,000, bila wakili, nao huanza na hiyo hiyo notisi ya siku 14. Mimi ningeanzia kijijini.

Miaka yangu ya kushona sare Jinja, mwalimu mkuu mmoja alinizungusha muhula mzima. Nikaanza kwenda kila Ijumaa, futi yangu ya kupimia shingoni, nakaa kwenye benchi nje ya ofisi, namsalimia kila mzazi anayepita. Sikumtukana. Nikiulizwa nasubiri nini, nasema, "Hela ya sare." Ijumaa ya tatu alinilipa, tena kwa hasira, kama mimi ndiye niliyemkosea. Wewe huna haja ya benchi, una wapangaji wanaopita kwenye geti lako kila siku. Lakini usiwaambie neno mpaka barua imfikie.

Mbuzi mpeleke Jumamosi, barua Jumatatu. Usivibebe safari moja.